Manyoya ya mbwa huanzia sufuriani: mwongozo wa kumlisha mbwa wa Nyanda za Juu Kusini mpaka ngozi yake ipone

Juni na Julai baridi ya Uyole, Mbeya, ikikaza, mbwa hulala jikoni kwenye majivu. Asubuhi moja mbwa wangu Jeki alitoka huko amechafuka, nikaanza kumpangusa mgongo. Majivu yakaisha, lakini kiganja changu kikaendelea kutoka na unga mweupe. Ulikuwa mba. Manyoya yake meusi yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu kuanzia kiunoni hadi mkiani, na viwiko vilikuwa vimekauka na kupasuka kama kisigino cha mtu anayelima peku. Nikamwita bwana mifugo wa kata nikitegemea sindano. Alimfunua masikio, akampapasa mbavu, akamtazama kwapani, kisha akaniuliza:

"Huyu anakula nini?"

"Ugali, dokta."

"Na nini?"

"Na maji ya kusuuzia sufuria ya mboga."

Akasimama. "Basi sindano kaa nayo mbali. Nenda soko la Mwanjelwa kwa wauza dagaa, ukirudi pitia mafuta ya alizeti."

Tangu siku hiyo nimefuga mbwa wengine sita na nimesaidia majirani wengi kwa njia ileile. Mbwa wetu wa huku hawalali njaa. Mahindi tunayo, na sufuria ya mbwa hujaa. Wanakosa vitu vichache ambavyo mahindi hayana, na ngozi ndiyo huvisema mapema kuliko kiungo kingine chochote. Naomba ufuate hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu ukiruka ya kwanza utanunua dagaa bure.

Kwanza elewa ngozi inajengwa na nini

Unywele wa mbwa karibu wote ni protini. Ngozi na manyoya peke yake huchukua kati ya robo na asilimia 30 ya protini anayohitaji mbwa kwa siku. Protini ikiwa haba, mwili hutoa kwanza kwa moyo, damu na misuli, na manyoya hupata kilichobaki. Ndiyo maana mbwa anaweza kuonekana ana nguvu, anabweka vizuri usiku kucha, huku mgongo wake umefifia.

Cha pili ni mafuta, hasa asidi ya linoleiki, ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuitengeneza. Lazima iingie kwa mdomo. Ndiyo inayoziba nyufa ndogondogo za ngozi ili maji yasipotee. Cha tatu ni madini na vitamini: zinki, shaba, madini joto, vitamini A, vitamini E na jamii ya vitamini B. Ugali mkavu una nguvu ya kutosha, lakini katika haya yote ni maskini.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni la chakula

Hapa ndipo watu wengi hukosea, nami nilikosea kwa mbwa wa jirani yangu wa Iganzo. Tulimlisha vizuri miezi miwili na hakupona, kumbe alikuwa na upele wa utitiri. Wadudu wanaharibu ngozi za mbwa wengi zaidi kuliko chakula, kwa hiyo waondoe wao kwanza.

Viroboto: chukua kitambaa cheupe au karatasi ya chooni, ilowanishe, iweke chini ya mbwa, kisha mchane kwa chanuo la meno ya karibu juu ya mkia na kiunoni. Punje nyeusi zikidondoka, zisubiri dakika moja. Zikitandaza rangi nyekundu ya kahawia kwenye unyevu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu ya mbwa wako iliyosagwa. Zikibaki nyeusi ni uchafu wa kawaida.

Upele wa utitiri: shika ncha ya sikio kwa vidole viwili, kunja ukingo wake na uusugue taratibu. Mbwa mwenye upele mara nyingi huanza kurusha mguu wa nyuma wa upande huohuo kana kwamba anajikuna hewani. Tazama pia viwiko, vifundo vya miguu na tumbo. Kama na nyinyi nyumbani mmeanza kuwashwa mikononi na kiunoni, usiendelee kusoma, mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana utitiri huo hupanda kwa watu.

Mtoto wa mbwa mwenye mabaka yasiyo na manyoya kuzunguka macho, mdomo na miguu ya mbele, wala hajikuni sana, huenda ana utitiri wa aina nyingine unaoishi ndani ya vinyweleo. Na baka la duara lenye magamba linaweza kuwa choa, ambalo nalo huambukiza watoto.

Minyoo nayo humla mbwa chakula chake. Mbwa mkubwa anayezurura apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Watoto waanze wakiwa na wiki mbili, warudie kila baada ya wiki mbili mpaka wafikishe miezi mitatu, kwa dozi inayolingana na uzito wao.

Nasema jambo moja kwa uchungu kwa sababu bado naliona mitaani kwetu. Tafadhali usimpake mbwa oili chafu ya gari. Huilamba, humwingia kupitia ngozi iliyochubuka, na huharibu ini na figo. Vivyo hivyo dawa ya kuogeshea ng'ombe kupimwa kwa macho, au sindano ya ivamektini ya ng'ombe kuchomwa na mtu asiyejua uzito wa mbwa. Kuna mbwa wenye asili ya kundi la mbwa wachungaji ambao kiasi kidogo tu cha ivamektini huwashika ubongo, na machotara wetu wengi wa "Jemani", yaani mbwa wachungaji wa Kijerumani, hatujui damu yao imechanganyika na nini.

Hatua ya 2: Pima na upige picha

Panda mzani umembeba mbwa, kisha upande peke yako, utoe. Usipokuwa na mzani wa kusimama, mbwa akiwa mtulivu mtie kwenye kiroba imara kichwa kikiwa nje, umning'inize sekunde chache kwenye mzani wa mahindi. Mbwa wengi wa kienyeji wa huku hukutwa na kilo kati ya 12 na 20.

Piga picha nne kwa simu, mahali palepale, saa ileile: mgongo juu ya mkia, kiwiko, tumbo, na uso. Andika tarehe. Bila picha, ifikapo wiki ya tano utakuwa umesahau alivyokuwa, na utaacha njiani.

Hatua ya 3: Chunguza unga kabla ya kuongeza chochote

Mahindi yaliyooza, yaliyovunda ghalani au yaliyoota ukungu mara nyingi ndiyo hutengwa "ya mbwa". Hili ni kosa kubwa. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, sumu ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika nayo kwa urahisi sana. Hushambulia ini. Mbwa huanza kukataa chakula, hufifia manyoya, hutapika, macho na fizi huwa njano, na wengine hufa. Kuchemsha ugali hakuiondoi. Karanga zilizosinyaa na mashudu yaliyovunda yamo katika hatari hiyohiyo.

Kanuni yangu ni nyepesi: mahindi ambayo nisingeyasaga kwa ajili ya wanangu, mbwa naye hali. Dona nasaga ya wiki mbili tu, kwa sababu kiini cha punje kina mafuta na unga wake huchacha haraka. Na ugali wa mbwa upikwe ukaiva kabisa. Mbwa humeng'enya wanga uliopikwa vizuri, lakini unga mbichi uliokorogwa na maji ya moto humtoka vilevile ulivyoingia.

Hatua ya 4: Tia dagaa

Kwa mfuko wa mtu wa kawaida Mbeya, sijaona protini inayoshinda dagaa. Wa Ziwa Nyasa tunawaita usipa, wanakuja kutoka upande wa Kyela. Wa Mwanza nao wapo sokoni. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Analiwa mzima, kwa hiyo mifupa yake huleta kalisi, na nyama yake huleta mafuta ya omega 3, yale yanayotuliza uvimbe na wekundu wa ngozi.

Kununua kwake kuna ujuzi. Usinunue kwa kutazama wingi kwenye sado. Chota kiganjani, vunja mmoja, nusa palipovunjika. Dagaa mzuri ananukia samaki mkavu na rangi yake ni ya fedha. Aliyechacha ana umanjano tumboni na harufu kali inayokaa kooni kama mafuta ya kukaangia yaliyotumika mara nyingi. Huyo hata kwa bei ya kutupwa mwache, kwa kuwa mafuta yaliyochacha huharibu vitamini E mwilini mwa mbwa, na vitamini E ndiyo inayoilinda ngozi. Epuka pia waliotiwa chumvi nyingi.

Nyumbani, waloweke kwenye maji ya vuguvugu, wakoroge kwa mkono na uwachote kutoka juu. Usiwamwage pamoja na maji. Utaona chini ya beseni mchanga uliotoka ufukweni walikoanikwa. Rudia mpaka chini pasafike. Mchanga huo ukiingia tumboni kila siku huleta kufunga choo na kutapika. Kisha wachemshe dakika kumi, na supu yake ndiyo upikie ugali.

Dagaa wakipanda bei, badilisha: maharage yaliyolowekwa usiku kucha na kuiva mpaka yakasagika, mayai ya kuchemsha, kichwa cha ng'ombe, au mapafu na utumbo kutoka bucha. Lakini maini na mapafu mabichi usimpe kamwe. Ndani yake huweza kuwa na vifuko vya maji vyenye viluwiluwi vya tegu mdogo anayekomalia utumboni mwa mbwa, halafu mayai yake hutoka kwenye kinyesi na kuwaambukiza watu, na kwa mtu vifuko hivyo hukua ndani ya ini na mapafu kwa miaka. Ukiona kifuko kwenye nyama, kichome moto au kifukie shimo refu. Nyama nyingine zote za ndani chemsha mpaka zikauke damu katikati.

Hatua ya 5: Kijiko cha alizeti

Haya ndiyo yaliyonishangaza kwa Jeki. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya alizeti kwa siku kinamtosha mbwa wa kilo 15 mahitaji yake ya linoleiki. Kwa mbwa wa kilo 25 na zaidi weka viwili, na kwa mdogo wa kilo 5 theluthi ya kijiko. Anza na nusu ya kiasi hicho wiki nzima ya kwanza, maana tumbo lisilozoea mafuta huharisha.

Usiyakaangie. Mimina juu ya chakula kilichokwisha poa, uchanganye. Mafuta ya kukamuliwa mashineni, haya yanayouzwa barabarani kuanzia Mafinga mpaka huku, yanafaa sana mradi yawe mapya. Yahifadhi kwenye chupa ya rangi au kabatini, mbali na jua. Chupa iliyokaa dirishani miezi minne usiihesabu tena kuwa dawa ya ngozi.

Watu wa Kyela huniuliza kuhusu mawese. Mawese si mabaya, na yale mekundu huleta kitu ambacho mwili wa mbwa hukigeuza kuwa vitamini A. Ila linoleiki yake ni kama moja ya kumi tu ya mafuta yote, wakati ya alizeti ya kawaida huzidi nusu. Kwa kazi hii alizeti inashinda. Mafuta ya nguruwe nayo ni kidogo kwa linoleiki. Na makapi ya kitimoto yenye mafuta mengi, yakimwagiwa mbwa sikukuu moja, huweza kumvimbisha kongosho, akatapika siku tatu na hata kufa.

Hatua ya 6: Zinki, na kosa nililofanya kwa watoto wa mbwa

Jeki alipopona nilidhani nimejua. Nikapata watoto watatu wa mbwa, nikataka wawe na mifupa mikubwa. Nikaenda duka moja la pembejeo mjini, nikashauriwa unga wa mifupa wa kulishia kuku, nikawa natia vijiko viwili vya chakula kwenye ugali wa dona kila siku. Walipofikisha miezi minne, mmoja akaanza kuota magamba magumu pembeni mwa macho, kisha pembe za mdomo. Nyayo zake zikawa nene na ngumu kama gamba la mti, akawa anatembea kama anakanyaga mbigili. Nikadhani ni utitiri. Bwana mifugo akakwangua ngozi, akatazama, hakuna utitiri.

Kilichotokea ni hiki. Nafaka isiyokobolewa na maharage vina fitati, kitu kinachoishika zinki tumboni isiingie mwilini. Kalisi ikizidi nayo huizuia zinki. Mimi nilikuwa nimeviweka vyote viwili kwenye bakuli moja la mbwa anayekua haraka. Chakula kilikuwa na zinki, lakini ilikuwa inapita tu.

Niliacha unga wa mifupa siku hiyohiyo. Tukapunguza dona, tukaweka viazi mviringo vilivyomenywa na kuchemshwa, ambavyo fitati yake ni ndogo, na nyama ya ng'ombe kidogo kila siku, kwa kuwa nyama nyekundu ina zinki inayoingia mwilini kwa urahisi. Bwana mifugo akampa vidonge vya zinki kwa kipimo chake. Magamba yalianza kubanduka wiki ya tatu. Lile la kwanza lilitoka mkononi mwangu nikimsafisha jicho kwa maji ya vuguvugu; chini yake ngozi ilikuwa ya waridi, laini, na vinyweleo vipya vimeshatokeza kama nukta.

Kwa hiyo, ukilisha dagaa wazima, usiongeze chokaa wala unga wa mifupa. Maharage loweka usiku na umwage maji yake. Unga wa dona ukiulowesha tangu jioni ukachacha kidogo kama wa uji, fitati hupungua. Na vidonge vya zinki usijinunulie: zinki ikizidi humtapisha mbwa na huizuia shaba, na shaba ikipungua rangi ya manyoya hufifia tena.

Hatua ya 7: Ini, yai, na chumvi ya madini joto

Ini la ng'ombe lililochemshwa, kipande cha ukubwa wa kibiriti, mara mbili kwa wiki kwa mbwa wa kilo 15. Lina vitamini A, shaba na zinki. Usizidishe kwa sababu ni tamu na bei nafuu. Vitamini A hulundikana mwilini na ikizidi hukakamaza shingo na mifupa.

Mayai yachemshwe. Ute mbichi una kitu kinachoifunga biotini, moja ya vitamini B za ngozi, na mbwa anayepewa mayai mabichi kila siku huweza kuishia na magamba usoni. Yai likiiva tatizo hilo linakwisha.

Nyanda za Juu ni eneo ambalo wazee wanakumbuka rovu kwa watu, kwa sababu udongo wetu wa milimani una madini joto kidogo. Mbwa naye hutegemea tezi hiyohiyo ya shingoni kwa ajili ya manyoya yake. Weka chumvi yenye madini joto kwenye sufuria yake, ya kuchota kwa ncha za vidole viwili, basi.

Sufuria ya siku moja, mbwa mzima wa kilo 15

Unga gramu 150, yaani kikombe kimoja cha chai kilichojaa. Dagaa wakavu gramu 50, viganja viwili vilivyojaa. Karoti, boga au mchicha vilivyopondwa, kiganja kimoja. Siku tatu kwa wiki ongeza yai moja, siku nyingine nusu kikombe cha maharage yaliyoiva. Ini siku mbili. Chumvi ile kidogo. Ikipoa, kijiko cha chai cha alizeti.

Gawa mara mbili, asubuhi kidogo, jioni kabla ya lindo zaidi. Baada ya wiki mbili pitisha vidole mbavuni. Ukizihisi bila kubonyeza lakini huzioni kwa mbali, kiasi ni sawasawa. Zikionekana, ongeza robo ya kila kitu, usiongeze ugali peke yake. Miezi ya baridi, mbwa anayelala nje Makete au Njombe atahitaji nyongeza hiyo hata akiwa mzima. Jike anayenyonyesha anahitaji mara mbili hadi tatu ya chakula chake, na akinyonyoka manyoya wiki chache baada ya kuzaa usiogope, hurudi.

Chakula kipya usikibadilishe kwa siku moja. Changanya na cha zamani kwa siku saba, ukiongeza kipya kidogokidogo.

Kama unatumia chakula cha pakiti, tafuta maandishi yanayosema ni chakula kamili kwa umri wa mbwa wako, na utazame tarehe. Kile cha kupimiwa kwa kilo kutoka gunia lililo wazi nimekiacha. Duka moja liliniuzia cha kunukia rangi ya mafuta, na mbwa aliyekila alirudiwa na mba ndani ya mwezi.

Hatua ya 8: Toa hivi

Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vilivyopikwa kwenye mchuzi, huvunja chembe nyekundu za damu. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka kama sindano. Chokoleti na zabibu ni sumu. Machicha ya komoni na ulanzi uliobaki bado vina kilevi, na mwili wa mbwa hauwezi kukihimili. Viazi vyenye ngozi ya kijani tupa.

Parachichi la Rungwe na Njombe huokotwa na mbwa wenyewe chini ya miti, na wengi huniambia manyoya yao yanang'aa. Nyama yake kidogo kwa kawaida haimdhuru, lakini kokwa hukwama utumboni na kuhitaji upasuaji, na majani na ganda vina sumu. Mimi siwapi. Alizeti inafanya kazi hiyo bila hatari hiyo.

Hatua ya 9: Subiri wiki nane

Ngozi ya mbwa hujibadilisha upya kwa takriban wiki tatu, na manyoya huchukua muda zaidi kwa kuwa yaliyokwisha kuota hayatengenezeki; yanangoja yadondoke na mapya yatokee. Wiki ya tatu au ya nne tegemea mba kupungua. Wiki ya sita gawanya manyoya ya mgongoni kwa vidole na utazame karibu na ngozi: kwa Jeki niliona mstari mweusi wa kung'aa chini, wenye urefu wa punje ya mchele, na rangi ya kutu juu yake. Manyoya meusi huhitaji amino asidi nyingi kupata weusi wao, na zikipungua huwa mekundu. Ule mstari ulinionyesha tarehe ambayo dagaa walianza kufika ngozini.

Katika kipindi hiki usimwogeshe kila wiki, na usitumie sabuni ya unga. Mara moja kwa mwezi inatosha, mchana wa jua, maji ya vuguvugu, umkaushe.

Hatua ya 10: Akiwashwa bado, jaribu mzio

Wiki nane zikipita, wadudu hawapo, na bado analamba nyayo, anasugua masikio na kujikuna mwaka mzima bila kujali msimu, huenda mwili wake unakataa chakula fulani. Mara nyingi ni protini aliyoizoea: nyama ya ng'ombe, kuku, maziwa, au ngano. Mara chache huwa samaki.

Hapa hakuna njia ya mkato. Chagua protini moja na wanga mmoja ambavyo hajawahi kula. Kwetu sungura na viazi mviringo vinapatikana bila shida. Mpe hivyo viwili tu, wiki nane, pamoja na alizeti yako. Hakuna ukoko, hakuna maziwa, hakuna mfupa kutoka kwa mgeni. Mbwa anayezurura jalalani hawezi kufanyiwa jaribio hili, kwa hiyo afungwe au azungushiwe uzio, na watoto wa nyumba waelezwe vizuri, maana wao ndio humwonea huruma. Chakula hiki hakina kalisi ya kutosha, kwa hiyo ni cha mbwa mzima tu. Kwa anayekua, zungumza kwanza na daktari wa mifugo.

Akitulia, mrudishie chakula cha zamani. Muwasho ukirejea ndani ya siku 14, umempata mhalifu. Usiporejea, chakula hakikuwa sababu. Kisha rudisha kimoja kimoja, wiki mbili kila kimoja, ukiandika.

Asipotulia hata kwa sungura, omba ngozi ikwanguliwe na kupimwa. Ikibidi, daktari wako anaweza kuituma sampuli kwenye maabara ya Iringa ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Siku tatu kabla ya kuchukuliwa sampuli usimwogeshe wala usimpake chochote, na uende na picha zako zote pamoja na orodha ya kila alichokula.